Muulize Mjomba: Nilipiga picha ya mbawala, sasa bondeni kuna tanzi

Shikamoo Mjomba,

Nina miaka 29, nimeolewa, nina mtoto mmoja, naishi Lindi mjini. Kazi yangu ni kupiga picha: harusi, mahafali, sherehe za kumtoa mwali, na picha za pasipoti pale studio. Hiyo ndiyo inayolipa kodi ya nyumba. Lakini kinachoniamsha saa kumi za alfajiri bila kengele ni wanyama wa porini na ndege wakubwa, hasa tai na kozi. Mwaka juzi msimu wa korosho ulikuwa mzuri, harusi zikafululiza, nikanunua lenzi ndefu ya mtumba kwa milioni mbili na nusu. Tangu hapo kila Jumapili nisiyo na shughuli napanda gari la asubuhi kwenda kijijini kwa mama.

Hakuna aliyenifundisha. Nimejifunza kwa video za Waingereza wanaopiga picha ayala wao, wale wanyama wenye pembe za matawi, kwenye ukungu, na kwa kukosea.

Mwezi wa nne nililala kwenye dungu la mjomba wangu, lile analolindia mahindi yasiliwe na nguruwe. Kulipopambazuka, umande bado haujakauka, mbawala jike alitoka kwenye kichaka cha bondeni. Alitoa mguu mmoja, akasimama. Masikio yakawa yanageuka, moja mbele, moja nyuma. Kisha nyuma yake akatoka mtoto, ubavuni ana madoa meupe kama aliyenyunyiziwa chokaa. Nilipiga picha sita tu, mikono inatetemeka. Sijawahi kupiga picha nzuri kuliko hizo.

Moja niliiweka Facebook na kwenye status ya WhatsApp, nikaandika: "Asubuhi bonde la (jina nimelifuta mimi, Mjomba), chini ya kisima cha zamani." Watu walifurahi, wakauliza ni wapi hasa, nami nikawaeleza mpaka njia ya kushukia.

Baada ya wiki tatu nilishuka tena bondeni. Kwenye njia ileile nilikuta tanzi nne. Moja ilikuwa imeshafyatuka: mche umenyooka, waya unaning'inia, na kwenye fundo yamenata manyoya mekundu. Majani yalikuwa yamesagika duara zima, kama mahali palipochezwa ngoma. Ni waya wa breki ya baiskeli, Mjomba. Nilipopanda kwenda kwa mjomba wangu niliiona baiskeli ya binamu yangu imeegemezwa ukutani, na breki ya nyuma haina waya. Jumapili ya kabla ya hapo nilikula pale kitoweo, nikaambiwa ni mbuzi.

Jambo la pili hata mume wangu sijamwambia. Mwaka jana mwezi wa kumi niligundua kiota cha tai mkubwa, yule mwenye kishungi na mabaka kifuani, juu ya mvule. Mlikuwa na kinda mmoja, mweupe. Matawi ya mti wa jirani yalinizuia, nikampa kijana mmoja elfu tano akayakata. Mama yake kinda alizunguka juu akilia, hakutua mpaka nilipoondoka saa sita mchana. Jumapili iliyofuata kiota kilikuwa kimya, na iliyofuata pia. Chini niliokota unyoya mmoja mrefu. Nimeuweka mezani studio, na kila nikiutazama roho inaniuma.

Mume wangu anasema niuze lenzi, tununue friji ya kuuzia barafu na juisi. Anasema watu wanaongea: mwanamke gani anashinda porini peke yake, na studio ametundika picha ya bundi.

Nikimtaja binamu yangu atafungwa, na baba yake, mjomba wangu, ndiye aliyenisomesha. Nikinyamaza, mbawala wa bonde lile watakwisha. Nimshtaki? Niache kabisa picha hizi? Na Desemba nilipanga kwenda Ruvuma kutafuta furukombe; niende au nisiende?

Mpiga picha, Lindi

* * *

Marahaba, mpwa wangu.

Jina la bonde nimelifuta kabla barua yako haijachapishwa, na la kijiji pia. Nawe fanya hivyo leo, kabla hujamaliza kusoma. Ifungue ile picha, futa maelezo, futa na majibu yote uliyowaandikia watu. Picha yenyewe ibaki. Halafu kwenye simu zima kile kipengele kinachohifadhi mahali, kwa sababu simu huandika mahali ndani ya picha hata kama wewe hujaandika neno.

Naanzia hapo kwa sababu kinga kubwa ya mbawala ni kutojulikana alipo. Hana kundi la kumlinda kama swala pala. Anaishi peke yake, kwenye eneo dogo ambalo anakijua kila kichaka chake, na haendi mbali nalo. Akizaa humlaza mtoto kichakani, humwacha, humrudia kumnyonyesha, na hula hata kinyesi cha mtoto ili chui asipate harufu. Kazi yote hiyo ni ya kuficha. Mtega tanzi hutumia siku kadhaa kutafuta mapito ya mnyama. Wewe ulimpa mapito kwa maandishi, na kisima ukamwekea kuwa alama. Hukutega wewe. Aliyetega ametega kwa mkono wake na atajibu mwenyewe. Lakini sehemu yako ipo, umeikiri bila kulazimishwa, na mimi sitaipunguza ili nikufurahishe.

Sasa binamu. Tanzi zitoke kwanza, ndipo maneno mengine yafuate. Tanzi haichagui: inashika jike mwenye mimba, mbwa wa jirani, hata mguu wa mtoto aliyetumwa kuni. Usiende kuzing'oa peke yako. Dume la mbawala likinaswa likaumia hukuchoma kwa pembe, na mwenye tanzi akikukuta unakata waya wake hamtaagana salama.

Kwetu Kusini neno la mjomba lina uzito ambao afisa hana. Kwa mjomba wako wewe ni mpwa, yule ni mwana, na wote wawili mnamsikiliza. Nenda Jumamosi jioni, na kamera ibaki mjini. Mweleze ulichokiona bondeni: tanzi nne, waya, manyoya, majani yaliyosagika. Usimtaje binamu yako. Baiskeli iko ukutani kwake na yeye ana macho. Kisha mwambie kwa heshima mambo mawili. La kwanza, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda bila leseni na inakataza mitego ya namna hiyo, na nyama ikikutwa jikoni maswali yataanza kwa mwenye nyumba, naye ni mtu mzima. La pili, tanzi zikionekana tena utakwenda kwa afisa wanyamapori wa halmashauri, ueleze mahali na ulichokiona, kutafuta mhusika iwe kazi yake. Mwambie kabla, isije ikaonekana umemgeuka. Na ikitokea tena, mpwa wangu, nenda kweli.

Binamu yako simtetei. Lakini mwezi wa nne kijijini naujua. Fedha ya korosho imekwisha zamani, mahindi hayajakauka, kitoweo ni kisamvu Jumatatu mpaka Jumapili. Kijana anayejua kusoma nyayo na kukaa kichakani bila kukohoa ana ujuzi ambao wewe umeutafuta kwenye video bila kuupata. Tanzi zikishatoka, mwombe akuongoze Jumapili zako, na umlipe ujira wa kibarua kwa siku ile. Angalia usichanganye mambo: usimlipe ili aache kutega, maana hapo utakuwa umempangia bei ya kuacha na kila mwezi itapanda. Mlipe kwa kutembea na wewe. Faida nyingine ni kwamba hutakuwa peke yako porini, na yale maneno ya watu yatapoa yenyewe.

Atakusaidia pia kwa jambo ambalo video haziwezi kukwambia. Likizo za shule zikifika, vijana wakiwa jandoni, kuna sehemu za pori ambazo mwanamke hapiti, sembuse mwanamke mwenye lenzi. Mtu wa pale anajua kumbi liko wapi, nawe utapita njia nyingine mapema bila kuleta aibu wala faini ya wazee.

Na kuhusu video hizo, niseme kidogo. Ayala siye mbawala. Ayala dume huangusha pembe zake kila mwaka na kuotesha nyingine. Mbawala dume pembe zake ni za maisha, na jike hana kabisa. Kusini mwa Sahara hakuna ayala wa asili hata mmoja. Wale unaowaona kwenye ukungu wa Oktoba, wakinguruma na kupigania majike, wengi hupigwa picha kwenye bustani kubwa kama Richmond Park ya London, ambako wanyama wamezoea watu tangu wazaliwe, na hata huko wageni huambiwa wakae angalau mita 50. Mbawala wako hakuzoea mtu. Akikuhisi hubweka mara moja kama mbwa, na asubuhi yako imekwisha. Akibweka, ondoka. Usimfuate kichakani, kwa sababu huenda ndimo alimomlaza mtoto, na kila unapopita unaacha njia na harufu. Hilo dungu la mjomba wako ni bora kuliko hema lolote la kujifichia linalouzwa. Amelizoea, lipo hapo msimu wote, na kwa kuwa unakuwa juu, harufu yako haimfikii kwa urahisi. Panda kabla hakujapambazuka, shuka jua likishakuwa kali. Picha sita zinatosha.

Nimefika kwenye tai, na hapa nitakaa kidogo.

Kwa maelezo yako, kishungi, mabaka ya kifuani, mvule mkubwa na kinda mweupe, huyo ni yule tai wa misituni anayekamata tumbili na paa. Ni katika ndege wenye nguvu kuliko wote Afrika. Jike lake hushambulia hata mtu akikaribia kiota, na kijana wako wa elfu tano aliponea. Hutaga mayai mawili kwa kawaida, lakini hukua kinda mmoja. Hulalia yai kama siku 50. Kinda hukaa kiotani zaidi ya miezi mitatu, na akishajua kuruka bado hulishwa na wazazi kwa miezi tisa hivi au zaidi. Ndiyo maana jozi inayofaulu kulea huzaa mara moja tu kwa miaka miwili. Kwa hiyo kinda yule mmoja alikuwa mavuno ya miaka miwili ya tai wawili.

Unataka kujua kama ni wewe. Mimi sikuwepo, lakini nitakwambia ninavyofikiri. Kinda wa manyoya meupe hawezi kujipoza vizuri. Kinachomkinga na jua la Oktoba ni mwili wa mama yake, anayesimama juu yake na mbawa amezilegeza kama mwavuli. Wewe ulikaa pale mpaka saa sita mchana, na mama hakutua. Nadhani ni hilo, kuliko hata matawi. Matawi nayo yaliondoa kivuli na kufungua kiota kwa kila jicho linalopita. Nayaandika haya kwa sababu uliandika kwamba roho inakuuma, na maumivu hayo yana kazi: kuanzia sasa utautazama mwili wa ndege kabla ya kutazama kioo cha kamera. Tai aliyetulia hujisafisha manyoya, husinzia, hugeuza kichwa huku na huku. Akiacha yote hayo akakukazia macho, umeshakaribia mno. Akisimama na kubana manyoya, rudi nyuma. Akiruka kwa ajili yako, asubuhi hiyo kamera iingie begini uende nyumbani. Matawi hayakatwi, kinda hapigwi flashi, na mlio wa tai hauchezwi kwenye simu ili umwite. Na kama mvule ule uko ndani ya hifadhi ya msitu, kukata tawi bila kibali ni kosa lenyewe. Ofisi ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, iliyo karibu ndiyo pa kuuliza unapoingia, na ndiyo pa kulipia kiingilio.

Unyoya uondoe studio. Najua umeuweka kama ukumbusho, lakini kwa sheria ileile ya 2009 unyoya, pembe, kucha na yai ni nyara ya serikali kama ilivyo nyama. Mteja mmoja mwenye maneno anatosha kukuharibia. Nenda nao kwa huyo afisa wanyamapori, ueleze ulivyoupata, umkabidhi. Itakuwa pia njia ya kufahamiana naye siku ambayo huna mashtaka.

Tazama pia jinsi mambo yako mawili yalivyo jambo moja. Tai yule hula funo, hula minde, huchukua hata mtoto wa mbawala. Tanzi zikimaliza paa wa bonde, tai hana cha kumletea kinda hata kama hakuna mpiga picha chini ya mti. Unapokwenda kwa mjomba wako Jumamosi unakwenda kwa ajili ya mvule ule pia.

Lenzi usiuze. Lakini mume wako usimjibu kwa maneno. Mchukue siku moja mpande naye dunguni alfajiri, akae kimya saa mbili aone unachokiona. Na fedha ya nyumba iwe na hesabu yake, ya porini iwe na yake, azione zote mbili. Bundi mshushe ukutani. Si kwa kuwa ni mkosi. Bundi anakula panya, na mkulima angemshukuru. Ni kwa kuwa pale wanaingia watu waliotoka kuzika, wamekuja kukuza picha ya marehemu, na kwao bundi ana maana nyingine. Mpeleke nyumbani.

Ruvuma niseme kwa ufupi. Furukombe utamwona, hukaa wazi kwenye mti wa kandoni mwa maji na kulia asubuhi, hana haja ya kuviziwa. Lakini mto ule ni mpaka wetu na Msumbiji, na tangu machafuko ya Cabo Delgado, ng'ambo ya mto, yaanze mwaka 2017 ulinzi si wa mchezo. Lenzi ndefu ikionekana kwa mbali haifanani na kamera. Jitambulishe kwa mwenyekiti wa kijiji na kituo cha polisi kabla hujaitoa begini. Ukitaka kuingia pori la akiba la Lukwika-Lumesule, kibali ni cha TAWA, mamlaka ya wanyamapori. Usikae ukingoni mwa mto, mamba na viboko wako pale. Na usiende bila mwenzako.

Mimi ningekuwa wewe, Desemba hii ningetazama juu hukohuko Lindi. Mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi wanaporuka jioni, angalia kama kuna kozi wadogo wanaowadaka angani kwa miguu na kuwala bila kutua. Kozi wa Amur huzaliana Siberia ya mashariki na kaskazini ya China, hupita India, kisha huvuka Bahari ya Hindi kama kilomita 3,000 kwa upepo wa kaskazi mpaka Afrika Mashariki, na huendelea kusini. Huku hawana kiota, kwa hiyo hakuna kinda wa kumkosesha kivuli. Weka kasi ya shata 1/2000, mwanga uwe mgongoni kwako, usimame penye uwazi. Mti wanaolala tu usiutaje. Mwaka 2012 huko Nagaland, India, wanakijiji waliwanasa makumi ya maelfu ya kozi hao kwa nyavu ili wawauze nyama. Mwaka uliofuata vijiji vilevile vilikubaliana kuacha, na vikaacha. Hilo unaweza kumsimulia mjomba wako, akiuliza kama watu waliozoea kutega wanaweza kubadilika.

Kiota cha kwenye mvule usikisogelee msimu huu. Tai hao hurudia kiota kilekile miaka mingi, na jozi iliyopoteza kinda inaweza kujaribu tena bila kungoja miaka miwili. Mwakani mwambie binamu yako apite njia ya juu, ile ya mbali, atazame tu. Tai akijiandaa kutaga huleta matawi yenye majani mabichi na kuyatandika kiotani. Binamu yako akikuletea habari kwamba ameona majani mabichi juu ya mvule, basi wamerudi, nawe chukua darubini uwatazame kutoka hukohuko kwenye njia ya juu.

Mjomba